Muulize Anakaushaje: Mwongozo Kamili wa Kumpata Fundi wa Kuosha Zulia wa Kuaminika Dar es Salaam

Mwezi wa nne mmoja, masika yamekolea, nilimkabidhi fundi zulia la mama. Lilikuwa la sufu, futi 6 kwa 9. Mjomba ndiye aliyelileta kutoka Maskati, na lilikaa sebuleni kwetu Temeke tangu mimi mtoto. Fundi alikuwa mtu mwema. Alifika kwa wakati, bei yake haikuumiza, akalivingirisha na kulipakia kwenye guta. Siku ya tatu alilirudisha likiwa ndani ya nailoni, linanukia sabuni. Tukalitandika, tukafurahi, tukamlipa. Wiki haikuisha, sebule ikaanza kutoa uvundo wa nguo iliyosahauliwa ndooni. Nilipolifunua nilikuta kuvu imetapakaa chini, mgongo wake umelegea, na juu rangi ya kahawia imepanda mpaka kwenye matamvua. Mama hakusema neno. Alilikunja mwenyewe akaliweka uani.

Yule fundi hakuwa mwizi wala mvivu. Alilisugua vizuri sana. Alichokosa ni namna ya kulikausha, na mimi sikumuuliza. Tangu hapo nimekuwa pia nikiisaidia kamati ya msikiti wetu kutafuta watu wa kuosha mazulia kila Ramadhani inapokaribia, na huko nimeongea na mafundi wengi, wazuri na wabaya. Nilichojifunza ni kwamba katika jiji hili lenye unyevu wa bahari mwaka mzima, swali la anaoshaje ni la pili. La kwanza ni anakaushaje.

Hatua ya 1: Lijue zulia lako kabla hujampigia mtu simu

Usipojua zulia lako ni la kitu gani, fundi yeyote anaweza kukuambia lolote nawe ukaitikia.

Ligeuze kwanza. Kwenye kona ya nyuma mara nyingi kuna lebo inayotaja aina ya uzi. Kama lebo imetoka, ng'oa uzi mmoja mfupi kwenye pindo la nyuma, ushike kwa kibano juu ya sahani, karibu na maji, kisha uuguse kwa kiberiti. Sufu huwaka kwa shida na kujizima, hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki, yaani poliesta, nailoni au polipropilini, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Mengi ya mazulia ya manyoya tunayonunua Kariakoo ni ya kundi hili la mwisho.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Polipropilini huvumilia kusuguliwa na sabuni kali kuliko sufu. Sufu ni nywele za mnyama: jiki huila, na sabuni kali ya unga huikakamaza na kuifubaza. Fundi anayetaka kumwagia jiki zulia la sufu, hata kidogo, mwambie asante na ufunge mlango.

Tazama mgongo pia. Kama umefumwa kwa juti, ile kamba ya rangi ya gunia, au kwa pamba, fahamu kwamba maji yakikaa humo muda mrefu hupanda na ile rangi ya kahawia mpaka juu wakati wa kukauka. Ndicho kilicholipata zulia la mama. Kama mgongo umebandikwa kwa gundi, kuloweka kupita kiasi hulegeza gundi na zulia huanza kujitenga matabaka.

Mwisho jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe, ukigandamize kwenye kona isiyoonekana kwa dakika kama tano, hasa penye nyekundu na nyeusi. Kitambaa kikitoka na rangi, zulia linachuja, na fundi lazima ajue mapema. Pima urefu na upana, kisha piga picha za madoa yote. Andika kila doa limetokana na nini: mchuzi, hina, wino, mkojo wa mtoto, mafuta ya nazi. Orodha hiyo itakusaidia kwenye simu.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Mafundi hawapendi kulisema hili kwa sababu kazi ni kazi, lakini msimu ni nusu ya matokeo. Masika huanza Machi na kumalizika Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katikati, kuanzia Juni mpaka Septemba, hewa huwa na unafuu na mvua huwa haba. Zulia zito la manyoya au la sufu, hasa linalooshwa kwa kulowekwa, lipeleke miezi hiyo. Januari na Februari kuna jua kali, linakausha, ila linafubaza rangi likiachwa juu ya zulia mchana kutwa.

Kama huna namna, mtoto amekojoa au mafuriko yameingia ndani mwezi wa nne, basi fundi asiye na sehemu yenye paa na feni za kukaushia hakufai, hata awe hodari vipi. Kuvu haihitaji muda mrefu. Saa 24 hadi 48 za unyevu zinatosha kuianzisha.

Hatua ya 3: Jua aina za kazi, usiuziwe usiyoihitaji

Hapa mjini utakutana na njia tatu.

Ya kwanza ni kuchukuliwa zulia na kuoshewa uwanjani kwao. Likifanywa ipasavyo hupigwa kwanza ili vumbi litoke likiwa kavu, kisha huloweshwa, husuguliwa, husuuzwa, hukamuliwa na kuanikwa. Kwa zulia la manyoya, lenye mchanga mwingi au mkojo ulioingia mpaka chini, hii ndiyo njia yenyewe. Hapo penye kupiga vumbi pana siri: mchanga mkavu ukikutana na maji hugeuka tope ndani ya manyoya, na hakuna brashi itakayolitoa lote. Anayeanza na maji moja kwa moja anajiongezea kazi na kukupunguzia zulia.

Ya pili ni mashine inayopuliza maji ya moto yenye dawa na kuyanyonya papo hapo, kazi ikifanyika kwako. Inafaa zulia lililobandikwa sakafuni ukuta hadi ukuta, ofisi, na sofa. Ikifanywa vizuri zulia hukauka ndani ya saa 6 hadi 24. Ikifanywa vibaya, yaani mashine inapuliza sana na kunyonya kidogo, utatembea juu ya kinamasi siku tatu.

Ya tatu ni povu na brashi ya kuzunguka, bila kusuuza kwa maji mengi. Ni ya haraka na ya bei nafuu. Tatizo lake ni sabuni inayobaki. Sabuni inanata, na kinachonata hukamata vumbi, kwa hiyo zulia linalorudi jeupe likachafuka upesi kuliko mwanzo mara nyingi lina sabuni ndani.

Kwa anayeswali juu ya zulia lake, zungumza na fundi kuhusu tohara waziwazi. Penye najisi, kufuta kwa povu hakukutoshelezi moyo. Mwambie unataka lisuuzwe kwa maji safi yanayotiririka mpaka yatoke bila rangi wala harufu. Fundi anayefanya kazi za misikiti ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Hatua ya 4: Tafuta majina matatu, si moja

Mtandaoni kuna kurasa nyingi zenye picha za zulia nusu jeusi nusu jeupe. Sizidharau, ila picha ileile nimewahi kuiona kwenye kurasa tatu tofauti. Ukivutiwa na ukurasa, omba video fupi iliyopigwa leo uwanjani kwao. Anayefanya kazi kweli atakutumia kwa Wasapu ndani ya nusu saa, hata kama imepigwa vibaya.

Majina bora hutoka kwa watu wenye mazulia mengi yanayochafuka kila mara: msimamizi wa msikiti, mhudumu wa kanisa, mwenye ukumbi wa harusi, meneja wa nyumba ya wageni. Hawa wameshaumizwa na wameshachuja. Waulize swali moja tu: "Aliporudisha, lilinuka baada ya wiki?" Usiulize kama lilitakata. Karibu kila zulia hutakata siku ya kwanza.

Sehemu za kuoshea magari nazo huosha mazulia. Zina maji ya kasi na vijana wenye nguvu, na kwa zulia jembamba la plastiki siku ya jua kazi yao inatosha kabisa. Kwa sufu, kwa mgongo wa juti, au kwa zulia lenye thamani ya kumbukumbu, sipeleki. Maji ya kasi yakielekezwa karibu hufumua manyoya, na zulia huanikwa ukutani huku upande mmoja linapitiwa na vumbi la barabara.

Hatua ya 5: Simu

Sikiliza anauliza nini kabla hajataja bei. Hicho ndicho kipimo changu kikubwa. Fundi anayetaja bei kabla hajajua ukubwa, aina ya uzi na madoa, anabahatisha, na atakayelipia bahati hiyo ni wewe.

Mazungumzo mazuri niliyowahi kuwa nayo yalikwenda hivi. Nilipiga, nikasalimia, nikasema nina zulia nataka lioshwe, bei gani?

"Bei nitakwambia, kaka. Kwanza ni la manyoya marefu au mafupi? Ukiligeuza, nyuma linaonekanaje?"

Nikamwambia. Akaendelea: "Lina mkojo? Usione haya, nyumba zote zina watoto. Nataka kujua kwa sababu dawa yake ni nyingine na nitaliloweka."

Nikamuuliza kuhusu doa la manjano ya mchuzi. Akasema, "Hilo sikuahidi. Litapungua, na jua litasaidia kulififisha, lakini alama inaweza kubaki. Hina ndiyo kabisa usinibane nayo."

Huyo nilimpa kazi. Aliyeniambia mwenyewe kitakachoshindikana ndiye niliyemwamini kwa kinachowezekana. Na alisema kweli, maana rangi ya manjano ya jikoni hufifia juani, ilhali hina, wino na madoa yaliyopigwa jiki zamani ni vitu vingine kabisa. Pale palipopigwa jiki hakuna uchafu wa kutoa, rangi yenyewe imekwenda.

Baada ya yeye kuuliza, uliza wewe. Mvua ikinyesha leo mchana zulia langu litakuwa wapi? Mnakamuaje maji kabla ya kuanika? Linakaa kwenu siku ngapi? Mnatumia maji gani? Dawa gani mnaweka kwenye sufu, na gani kwenye plastiki? Rangi ikichuja nani analipa? Huhitaji majibu marefu. Unasikiliza kama ana majibu.

Swali la maji watu hulisahau. Visima vingi vya jiji hili, hasa vya karibu na pwani, vina chumvi. Maji ya chumvi hayatoi povu vizuri, kwa hiyo fundi huongeza sabuni, kisha suuzo nalo haliitoi yote. Zulia likikauka huwa gumu na lina weupe fulani kama unga. Fundi mwenye maji ya bomba ya DAWASA, au anayehifadhi maji yasiyo na chumvi kwenye tangi kwa ajili ya suuzo la mwisho, ana faida kubwa. Wengine husuuza kwa kisima kisha humalizia kwa maji ya bomba. Hilo linakubalika.

Hatua ya 6: Nenda ukaone

Kama zulia lina thamani kwako, panda daladala uende. Nenda bila kutoa taarifa ya saa, asubuhi kazi ikiwa imechanganya. Salimia wakubwa, sema wewe ni mteja unataka kuona. Fundi wa kweli atakukaribisha na pengine kukupa kiti.

Anza kwa kunusa. Uwanja wa kuosha mazulia hunuka sabuni na maji. Ukinusa uvundo mara tu unapoingia, kuna mazulia yamekaa mabichi.

Tazama chini. Zulia lioshwe juu ya sakafu ya saruji iliyosafishwa, yenye mteremko na mfereji. Likioshwa juu ya udongo uliotandikwa turubai, maji machafu hurudi ndani yake. Angalia kama mbwa na kuku wanapita.

Kisha tazama ukamuaji, na hapa kaa muda. Zulia la manyoya likilowa linaweza kuhitaji watu watatu au wanne kulibeba, na uzito wote huo ni maji. Wenye uwezo wana mashine ya kuzungusha inayokamua kwa kasi. Wengine hutumia mashine ya kunyonya maji. Wa chini kabisa wana kibao cha mpira na mikono yao, wanakisukuma mara nyingi kuelekea upande manyoya yanakolala. Hata huyu wa kibao nampa kazi nikiona anarudia mpaka maji yanakoma kutiririka. Anayelinyanyua zulia likichuruzika na kulitundika ukutani anategemea jua limfanyie kazi, na jua halifiki katikati ya manyoya marefu siku moja.

Angalia wanakoanikia. Bomba au nguzo pana ni bora kuliko ukuta, kwa sababu hewa hupita pande zote. Mazulia ya sufu na ya rangi kali yawe kivulini penye upepo au yageuzwe mgongo juu. Pawepo paa. Ukiona feni kubwa chini ya paa hilo, mwenye uwanja amewahi kufikiria masika.

Chungulia mwisho stoo. Mazulia ya watu mbalimbali yakirundikwa pamoja sakafuni, kunguni huhamia bila nauli. Yaliyokauka yasimamishwe au yapangwe juu ya chaga, kila moja na kibandiko cha jina. Muulize kijana yeyote, si bosi: "Hili ni la nani?" Akikujibu kwa kusoma kibandiko, zulia lako halitapotea.

Hatua ya 7: Karatasi

Fundi mwenye ofisi awe na leseni ya biashara ya halmashauri na namba ya mlipakodi. Jina la biashara au kampuni unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtandaoni. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ina namba ya kuhakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Fundi mdogo wa mtaani anaweza asiwe na haya yote na bado akawa hodari. Kwake nataka kitambulisho cha NIDA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilohilo, na mahali panapojulikana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ukimtumia pesa kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha lilingane na la kitambulisho. Lisipolingana, simamisha hapo uulize.

Wachache watakuonyesha cheti cha kigeni. Kinachojulikana zaidi katika fani hii ni cha IICRC, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1972, na wenye vyeti vyake huweza kutafutwa kwenye tovuti yake. Ni jambo jema, lakini usimkatae fundi mzuri wa Buguruni kwa sababu hana. Karatasi zinakuambia utampata wapi mambo yakiharibika, basi. Ustadi umeshauona uwanjani.

Hatua ya 8: Bei

Linganisha kwa futi ya mraba, usilinganishe kwa zulia. Zulia la futi 5 kwa 8 lina futi za mraba 40. La futi 7 kwa 10 lina 70, sawa na mita za mraba 6 na nusu hivi. Fundi anayetoza "kubwa" na "dogo" anaweza kukutoza kubwa kwa lile la kwanza. Gawanya bei kwa futi za mraba kwa kila fundi kati ya wale watatu, ndipo uone nani ghali kweli.

Uliza bei inabeba nini: usafiri wa kwenda na kurudi, dawa ya mkojo, kurudia doa likipanda tena. Bei ya chini mno mara nyingi imekatwa kwenye kukausha, kwa sababu kukausha ndiko kunakochukua siku, nafasi na umeme. Sisemi ghali ndiyo nzuri. Nimelipa ghali nikarudishiwa lenye sabuni.

Tanguliza kidogo iwezekanavyo. Nusu nimeizoea, zote sitoi kamwe.

Hatua ya 9: Makabidhiano

Siku ya kuchukuliwa, litandazeni mlilitazame wote wawili kwenye mwanga. Onyeshaneni palipotoboka, palipochanika na madoa yaliyopo. Piga picha nzima, kona nne na mgongo, fundi akiwepo. Nyuma, kwenye kona, shona uzi wa rangi unayoijua wewe. Inachukua dakika moja, na mazulia ya duka moja yanafanana kama mapacha.

Andikeni karatasi ya nakala mbili, hata ikiwa ni ya daftari: ukubwa, aina, kasoro zilizopo, bei, kiasi kilichotangulizwa, siku ya kurudisha, na mstari mmoja muhimu: *likirudi bichi au likinuka ndani ya siku saba litachukuliwa na kukaushwa upya bila malipo.* Fundi anayejiamini husaini bila kubishana. Anayesema "tuaminiane tu, mkubwa" mjibu kwa upole kwamba karatasi ndiyo inayolinda huko kuaminiana.

Kama kazi inafanyika nyumbani kwako

Hapa mambo ni machache lakini yana gharama. Mashine inatumia umeme wako. Ya wati 2,000 ikifanya kazi saa 3 ni uniti 6 za LUKU, kwa hiyo kubalianeni mapema na hakikisha uniti zipo. Muulize umeme ukikatika katikati atafanya nini. Zulia lililobandikwa sakafuni likiachwa na maji usiku kucha ni hasara, naye anapaswa kuwa na jenereta au angalau njia ya kunyonya maji bila umeme wako.

Wasije zaidi ya mliokubaliana, na uwe na mtu mzima wa nyumbani muda wote. Vitu vidogo vya thamani vihamishe wewe mwenyewe kabla hawajafika. Hilo huwalinda nao dhidi ya kusingiziwa.

Dawa isichanganywe hovyo. Jiki ikikutana na mkojo wa zamani au na dawa ya choo yenye asidi hutoa hewa inayochoma macho na kifua, na nyumba yenye mtoto au mtu wa pumu haina nafasi ya majaribio hayo. Mwambie fundi akuonyeshe chupa yenye lebo. Dawa iliyo kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi isimwagwe nyumbani kwako. Akimaliza, feni ziwashwe, madirisha yafunguliwe, na miguu ya makochi iwekewe vipande vya nailoni chini ili mbao na vyuma visiache alama.

Hatua ya 10: Kulipokea

Usilipokee usiku. Likifika mchana, lifungueni lote, hata kama kijana wa kirikuu ana haraka. Tafuta uzi wako wa rangi kwenye kona.

Ingiza vidole katikati ya manyoya mpaka ufike mgongoni, mahali pa katikati na siyo pembeni, kwa kuwa pembeni hukauka kwanza. Gandamiza karatasi laini hapo kwa kiganja, uzito wote, uhesabu mpaka thelathini. Ikitoka na unyevu, zulia ni bichi. Lirudishe hapohapo na utaje ule mstari mmoja kwenye karatasi.

Kisha lowesha kiganja kidogo, usugue sehemu moja kwa nguvu. Povu likitokea, au kiganja kikiteleza, sabuni haijatoka. Sogeza pua karibu na mgongo wa zulia na uvute hewa. Manukato makali yanitia shaka, kwa sababu zulia safi lililokauka halina harufu ya kusimulia.

Doa likirudi baada ya siku mbili tatu, usimwite fundi tapeli mara moja. Uchafu uliokuwa chini hupanda na maji yanapokauka, na hata fundi bora humtokea. Mpigie. Anayekuja kulifuta bila kinyongo ndiye uliyekuwa ukimtafuta.

Ikiwa zulia limeharibika kweli, mpe kwanza nafasi ya kurekebisha, ukiwa na picha na karatasi mkononi. Akikataa, pelekeni shauri kwa serikali ya mtaa wake, kwani wengi hulipa hapo kwa kuchelea jina lao mtaani. Ikishindikana kuna Mahakama ya Mwanzo, na picha zenye tarehe zitakufaa huko kuliko maneno.

Pesa iliyobaki mimi huilipa baada ya siku tatu, na hulisema hili siku ya makabidhiano ili lisiwe la kushtukiza. Usiku wa tatu nafunga madirisha yote ya sebule. Asubuhi naamka kabla ya wengine, nafungua mlango wa sebule na kusimama pale pale kizingitini, navuta hewa. Isiponuka, simu ya kwanza siku hiyo ni ya kumtumia fundi chake kilichobaki.